Majitaka ya Mto Mirongo: yatafutie mwenye kuwajibika kwanza, ndipo ulalamike

Mto Mirongo unapita katikati ya Jiji la Mwanza na kumwaga ziwani, na anayeishi kando yake hahitaji kuambiwa kwamba unanuka. Barua inayosema "mto umechafuliwa" hupokelewa kwa upole katika kila ofisi, kisha huelekezwa ofisi nyingine. Hiyo ndiyo siasa yake: uchafu usio na mwenyewe haumgharimu yeyote kura wala bajeti.

Anza kiangazi, baada ya siku 3 bila mvua. Wakati huo mtaro wa mvua unapaswa kuwa mkavu. Ukikuta maji yanatiririka kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, watu wanapooga na kwenda chooni, aghalabu yanatoka majumbani au kwenye bomba la majitaka. Panda nayo juu mpaka yanapoanzia. Piga picha inayoonyesha saa na mahali. Usiingie majini, ukanda wa ziwa una kichocho.

Chanzo ndicho kinachokuambia nani wa kumwandikia. Chemba ya mtandao wa majitaka inayofurika ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, na wakizembea, msimamizi wao ni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Choo au karo (shimo la majitaka) la nyumba ni la afisa afya wa kata na halmashauri: Nyamagana ni Jiji, Ilemela ni Manispaa, kwa hiyo hakikisha uko upande gani wa mpaka. Kiwanda ni cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ndiyo inayotoa kibali cha kutiririsha majitaka. Omba kuona kibali hicho. Gari la kunyonya majitaka linalomwaga usiku, andika namba yake na saa.

Vipimo huchukuliwa sehemu 3: juu ya chanzo, pale yanapoingilia, na chini yake. Wengi hupima pale panaponuka tu, halafu mtuhumiwa anajibu kwamba uchafu umetoka juu, na hapo kesi imekwisha. Tumia chupa safi za maabara, vaa glavu, elekeza mdomo wa chupa mkondo unakotoka, weka kwenye barafu, na fikisha maabara ndani ya saa 6 kwa vipimo vya bakteria. Mwombe afisa afya au mtu wa Bodi ya Bonde achukue sampuli mkiwa pamoja, kwa sababu chupa uliyojaza peke yako itapingwa. Kikomo cha BOD (kiasi cha oksijeni ambacho uchafu hula majini) cha miligramu 30 kwa lita ni cha majitaka yanayotoka kwenye bomba. Ukikitumia kwa maji ya mtoni, umempa mtuhumiwa mlango wa kutokea.

Sasa barua. Ukurasa 1, chanzo 1, ombi 1 linalohesabika: "mzibue chemba hii na kurudisha mfuniko wake," siyo "mto usafishwe." (Mifuniko huibwa na kuuzwa chuma chakavu, takataka zinaingia, bomba linaziba.) Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukinyimwa kibali au matokeo ya vipimo, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 kujibu. Kisha lisemee jambo kwenye mkutano wa mtaa na uhakikishe limeandikwa kwenye muhtasari, kwa kuwa kutoka hapo ndipo linaposogea kwenda kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti yake hupangwa mapema kabla ya hapo. Ukileta ombi la bomba mwezi Mei, utaahidiwa mwaka ujao, tena kwa tabasamu.

Jihadhari na jibu rahisi la kukamata wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kichukuliwe na maji, mvua ikinyesha. Operesheni hupigwa picha, haigharimu sana, na mvua inayofuata vyoo vinatapishwa tena. Kwenye milima ya mawe gari la kunyonya halifiki, na mwenye nyumba ni mpigakura wa diwani. Madai yenye maana huko ni mtandao rahisi wa mabomba membamba ya majitaka, ambao tayari umejengwa katika baadhi ya mitaa ya milimani Mwanza. Nao una masharti: choo kiwe cha kumwagia maji, na mchanga, vitambaa na mafuta ya kupikia visiingie, la sivyo bomba linaziba mtaani kwako badala ya mtoni.

Wakishatengeneza, pima tena sehemu zilezile, saa ileile, kiangazi. Chemba ikiwa haifuriki wakati huo lakini ikafurika kila mvua kubwa, basi huenda maji ya mapaa yameunganishwa kwenye bomba la majitaka. Tafuta nyumba zenye mifereji ya paa inayoishia chemba. Barua ya pili itaje nyumba hizo, na nakala yake ifike kwa afisa afya.