Televisheni kwenye kabini ya boti: anza na betri, inveta baadaye

Kabla hujatoa hela, igeuze televisheni usome lebo ya mgongoni. Kazi yote inaamuliwa hapo. Ukikuta 100–240V peke yake, hiyo inataka umeme kama wa TANESCO. Ukikuta 12V, na pembeni yake 2.5A au 3A, mambo yako mepesi: televisheni hiyo inakula umeme uleule uliomo kwenye betri ya boti, na ile adapta nyeusi uliyopewa nayo dukani kazi yake ni kuushusha umeme wa nyumbani tu. Baharini adapta iache kabatini.

Televisheni nyingi za inchi 19 hadi 24 ziko hivyo. Kariakoo utakuta pia za inchi 32 zinazouzwa kwa watu wa sola, zenye matundu mawili nyuma, moja la umeme wa kawaida na jingine la 12V. Mwambie muuzaji unataka ya AC/DC, atakuelewa. Ila usiishie kwenye maneno yake. Soma lebo mwenyewe na aiwashe kwa betri mbele yako.

Wanaonipigia simu kutoka Msasani na Kunduchi karibu wote wanaanza na swali moja: "Fundi, ninunue inveta ya wati ngapi?" Angalia wanachotaka kufanya. Wanachukua volti 12 za betri, wanazipandisha hadi 230 kwa inveta, halafu adapta inazishusha tena hadi 12. Ni sawa na mtu wa Kigamboni anayetaka kufika Feri apitie Chalinze. Kila kituo kinakula chake: inveta inapoteza, adapta inapoteza, na inveta yenyewe inakunywa wati kadhaa hata televisheni ikiwa imezimwa. Nyumbani hasara hiyo huioni. Kwenye betri moja katikati ya maji utaiona saa tatu usiku, kipindi cha pili hakijaisha.

Mzee mmoja nahodha, boti yake ya mbao inapeleka mizigo Mafia, huwa analala kwenye nanga akisubiri shehena ijae. Alitaka jambo moja tu. "Mwanangu, sitaki makubwa," aliniambia. "Nataka siku ya Simba na Yanga nisiwe mtu wa kuhadithiwa." Nikamuuliza, "Mzee wangu, humu kuna betri ngapi?" Akasema moja, hiyohiyo inayowasha injini. Nikamwambia basi televisheni tutaifunga mwisho, kwanza tunatafuta betri ya pili.

Hapo sibembelezi mtu. Betri ya kuwashia injini imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Ukiinyonya taratibu usiku kucha, kila siku, inakufa mapema. Na hata isipokufa, fikiria upepo wa kusi umekaza usiku, nanga inaburura, unageuza ufunguo na injini inatoa mlio wa "tik" basi. Goli la Yanga halitakusaidia hapo. Betri ya matumizi iwe yake, ya aina inayovumilia kunyonywa, zile zinazouzwa kwa ajili ya sola. Ya kuwashia iachwe kwa injini.

Ukubwa wake unatafutwa kwa hesabu ya darasa la tano. Kwenye boti ya mzee nilipima kwa mita: televisheni ya inchi 24, mwanga wa kawaida, sauti ya kushinda kelele za mabaharia, ilivuta ampea 1.8. King'amuzi kilivuta 0.8. Jumla 2.6. Mechi pamoja na uchambuzi wa kabla na ubishi wa baadaye ni kama saa nne, kwa hiyo ampea-saa 10 na kidogo. Betri ya ampea-saa 70 usiitumie zaidi ya nusu, yaani 35. Ukiweka taa na simu za kuchaji, una jioni mbili bila kuchaji, na akiba inabaki. Ukitumia betri ya lithiamu unaweza kushuka zaidi ya nusu bila kuiumiza, lakini chaja na kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli na betri, lazima viwe vinavyoifaa. Usiibadilishe betri peke yake ukaacha vingine vilivyokuwa vya asidi.

Namba za kukariri kwa betri ya asidi, ikiwa imepumzika bila kuchajiwa wala kutumika: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Bandika mita ndogo ya volti mlangoni mwa kabini ili hata baharia mgeni aione. Usitegemee ile sehemu ya kontrola ya sola inayokata umeme yenyewe. Nyingi za bei nafuu zinasubiri hadi volti 11 au chini yake, na wakati huo betri imeshaumia.

Kuchaji kuna njia mbili na nashauri zote mbili. Ya kwanza ni altaneta, kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme, kupitia swichi ya kuchagua betri, ile ya duara yenye 1, 2, zote mbili, na kuzima. Waambie wote ndani ya boti: injini ikiwa inaunguruma, swichi hiyo haipelekwi kwenye kuzima. Ukiikata altaneta kutoka kwenye betri ghafla, volti zinaruka juu na diodi zake zinaungua. Ya pili ni paneli ya sola juu ya kabini. Jua la Dar likiwa zuri, paneli ya wati 50 inarudisha kama ampea-saa 12 kwa siku, yaani jioni moja ya mzee wetu na chenji kidogo. Paneli ikilala bapa, kivuli cha mlingoti kikipita juu yake, au ikiwa ni masika, haitoshi. Weka ya wati 100 uache kuhesabu mawingu.

Sasa nyaya. Hapa ndipo kazi nyingi nilizoitwa kurekebisha zilipoharibikia. Fundi wa nyumba anakuja na waya wake wa nyumbani, ule mgumu wa uzi mmoja. Boti inatetemeka mchana kutwa. Waya wa uzi mmoja unachoka unakatika ndani ya ganda bila kuonekana. Tumia waya wa nyuzi nyingi, na ukipata ule ambao shaba yake imepakwa bati, lipa hiyo tofauti ya bei. Shaba tupu ikipata chumvi inaota kijani, na kijani hicho kinapanda ndani ya ganda mbali kuliko unavyodhani.

Unene nao una hesabu yake, kwa sababu volti 12 ni chache na hazina za kupotea. Chukua betri iliyo mita 6 kutoka kwenye televisheni. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12 za waya. Ukivuta ampea 4 kwenye waya wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba wa taa, unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Betri ina 12.2, televisheni inapata 11.1, inazima na kuwaka, na wewe unailaumu televisheni. Kwa waya wa 2.5 unapoteza thuluthi moja ya volti. Mimi natumia 2.5 hata pale ambapo 1.5 ingetosha.

Fyuzi ikae kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri. Wengi wanaiweka nyuma ya televisheni. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika katikati ya njia na fyuzi iko mwisho wake, umeme unaendelea kumiminika na kabini ya mbao inashika moto. Ya ampea 5 inatosha kwa televisheni na king'amuzi. Kisha swichi, ili ukimaliza uzime kabisa. Ile taa nyekundu ya kusubiri rimoti inakula usiku mzima.

Waya mweusi urudi hadi kwenye betri. Mafundi wa magari wamezoea kuufunga kwenye chuma cha karibu, na botini wanaufunga kwenye injini. Usikubali. Umeme unaotafuta njia kupitia chuma kilichoguswa na maji ya bahari unakula chuma hicho, na kwa kawaida rafadha, yaani propela, na shafti yake ndivyo vinaanza kutoboka.

Maungio yote yabanwe kwa koleo lake, yavikwe mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, na yapite juu, mbali na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe sizihesabu kama maungio.

Kati ya swichi na televisheni weka stebilaiza ndogo ya DC, inayopokea volti 9 hadi 36 na kutoa 12 zilizotulia. Lebo inasema 12 lakini betri haina 12 kamili: injini ikichaji inafika 14.4, na unapopiga stata inaweza kuanguka hadi 9 au 10 kama betri zimeunganishwa. Televisheni nyingine zinavumilia, nyingine zinakufa, na huwezi kujua yako ni ipi mpaka ife. Kama televisheni yako ni ya 19V, kifaa hichohicho kipo cha kupandisha 12 kuwa 19. Chagua chenye ampea zinazozidi zile za kwenye lebo, maana vya bei rahisi havifikii vinachojitangazia. Pima chanya na hasi kwa mita kabla ya kuchomeka kipini. Kwa kawaida chanya iko katikati, na mchoro mdogo kwenye lebo utakuonyesha.

Ukishindwa kabisa kupata ya 12V, basi inveta, na iwe ya wimbi safi (pure sine wave), wati 300, ifungwe karibu na betri kwa waya mnene. Za wimbi la kukatakata ni rahisi, ila zinachemsha adapta na kuleta mvumo kwenye spika. Kuna mafundi watakaokuambia wafungue televisheni wapachike 12V moja kwa moja kwenye bodi. Baadhi ya bodi zinakubali. Mimi kazi hiyo siifanyi: kapasita za ndani hubeba zaidi ya volti 300, na hakuna anayejua kifaa hicho kitafanya nini kikianza kutetemeka safarini.

Jenereta ndogo ya petroli isiingie kabini, wala mlangoni, wala upande ambao upepo unaleta moshi ndani. Ina gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Betri za asidi nazo hutoa haidrojeni zikichajiwa. Kasha lake liwe na tundu la hewa juu, na dumu la mafuta likae kwingine.

Picha utaipataje? Dishi lisahau. Boti kwenye nanga inageuka na upepo na maji, na dishi linataka kuelekea pointi ileile bila kuyumba hata digrii chache. Yapo madishi ya meli yanayojigeuza yenyewe ndani ya kuba, lakini bei yake inaweza kununua injini ndogo ya nje. Dar ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo tumia king'amuzi cha antena na antena ya pande zote, ipandishwe juu ya paa la kabini. Mzee alikuwa na wasiwasi na mechi za ligi. King'amuzi cha antena cha Azam kilimtosha alipokuwa kwenye nanga karibu na Magogoni. Ukishapita visiwa na kuelekea kusini, hesabu kwamba picha inakwisha.

Kabla hujatoboa ukuta kufunga mkono wa televisheni, ishike pale unapotaka ikae huku mwenzako anaangalia dira. Spika zina sumaku. Sindano ikisogea, sogea wewe, hadi itulie televisheni ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zisokote pamoja safari nzima ili moja ifute usumaku wa mwenzake.

Mwisho, washa redio ya mawasiliano ya boti, VHF, kwenye chaneli 16 ya dharura, fungua skwelchi, kile kitufe kinachonyamazisha mvumo, usikie ule mvumo wa kawaida, kisha washa televisheni, king'amuzi na stebilaiza kimoja kimoja. Kikiwashwa kimoja mvumo ukabadilika au kukaingia mlio, hicho ndicho kinachochafua redio. Zungushia waya wake kipete cha feraiti, kile cheusi kinachozuia kelele za umeme, au ukipeleke mbali na waya wa antena ya redio. Kikiendelea, kirudishe dukani uchukue kingine, hata kama picha ni nzuri.