Somo: Kuondoa nywele za mwili kabla ya kujifungua kwa upasuaji uliopangwa

Mama aliyepangiwa tarehe ya kujifungua kwa upasuaji huandaa mkoba, nguo za mtoto na, mara nyingi bila kuambiwa na mtu yeyote, wembe. Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha upasuaji nimewapokea wengi waliojinyoa usiku wa kuamkia siku yenyewe, ngozi ya kinena ikiwa na vipele vyekundu na mikwaruzo, nao wakiamini kwamba wameturahisishia kazi. Ingekuwa afadhali wangekuja na nywele zao.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Wembe hauishii kwenye nywele, bali hupita na sehemu ya tabaka la juu la ngozi na kuacha mikato midogo ambayo macho hayaioni. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi, wakiwemo wale waitwao Staphylococcus aureus, hupata humo mahali pa kuzaliana, na kadiri saa zinavyopita kati ya kunyoa na kupasuliwa ndivyo wanavyozidi kuongezeka. Utafiti wa Seropian na Reynolds uliochapishwa mwaka 1971, ambao haukuhusu uzazi peke yake bali upasuaji wa aina mbalimbali, ulionyesha kwamba vidonda vya walionyolewa kwa wembe viliambukizwa kwa asilimia 5.6, ilhali kwa wale ambao hawakunyolewa, au waliotumia krimu ya kuondoa nywele, kiwango kilikuwa asilimia 0.6. Muda nao ulikuwa na uzito wake: walionyolewa muda mfupi kabla ya kupasuliwa waliambukizwa kwa asilimia 3.1, walionyolewa ndani ya saa 24 zilizotangulia kwa asilimia 7.1, na waliokuwa wamenyolewa mapema zaidi ya hapo walivuka asilimia 20. Utafiti huo ni wa zamani, na dawa za kuzuia maambukizi zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini mwelekeo wake haujapinduliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba nywele zisiondolewe kabisa au, ikiwa ni lazima, zipunguzwe kwa mashine tu, na kwamba wembe usitumiwe wakati wowote, iwe kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji au akiwa tayari ndani.

Hatua ya 1: Uliza mapema
Katika hudhurio la kliniki ambapo tarehe inathibitishwa, muulize daktari au mkunga maswali mawili: je, nywele zitahitaji kupunguzwa, na kama zitahitaji, nani atazipunguza na kwa kifaa gani? Katika hospitali nyingi jibu litakuwa kwamba usifanye lolote nyumbani.

Hatua ya 2: Acha wembe, nta na uzi
Upasuaji uliopangwa, pasipo sababu ya kuuharakisha, hufanyika kwa kawaida kuanzia wiki ya 39. Uchungu, hata hivyo, hausomi kalenda, na unaweza kuanza kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo mimi huwashauri akina mama waache kunyoa sehemu za siri na tumbo la chini tangu wiki ya 36, ili hata wakiletwa kwa dharura wafike na ngozi nzima. Nta na uzi haviachi mikato kama wembe, lakini hung'oa nywele kutoka kwenye shina lake, na vishimo vinavyobaki vinaweza kuvimba au kutunga usaha siku chache baadaye.

Hatua ya 3: Ikiwa ni lazima kupunguza nyumbani
Wapo ambao nywele zao ni ndefu na nzito, na wapo ambao hawatakuwa na amani wasipozipunguza. Kwa hao, kupunguza kunatosha, wala hakuna haja ya kufikia ngozi. Tumia mkasi mdogo wenye ncha butu, au mashine ya kunyolea ya umeme iliyo safi na iliyofungwa kitana chake, juu ya nywele kavu, ukiacha urefu wa kama nusu sentimita. Keti kwenye kiti imara au simama ukiwa umeegemea ukuta, na weka kioo cha mkono mbele yako. Usilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo katika miezi ya mwisho hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na kizunguzungu kinaweza kukushika mkasi ukiwa mkononi.

Kumbuka pia kwamba eneo linalohusika ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Mkato unaotumika zaidi, ulioelezwa na daktari Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel mwaka 1900, hupita kwa mlalo kama sentimita 2 au 3 juu ya mfupa wa kinena, na urefu wake huwa kati ya sentimita 10 na 15. Nywele zinazoweza kufika njiani ni zile za ukingo wa juu. Zilizo chini zaidi, karibu na njia ya uzazi, hazina uhusiano na kidonda, na kule ndiko watu hujikata zaidi kwa kuwa hawaoni wanachokifanya.

Hatua ya 4: Oga
Oga kwa maji na sabuni usiku wa kuamkia upasuaji au asubuhi yake, ukipitisha sabuni vizuri kwenye mikunjo iliyo chini ya tumbo na kusuuza mpaka iishe. Sabuni ya kawaida inafaa. Ikiwa hospitali imekupa ya kuua vijidudu, tumia hiyo kama ulivyoelekezwa. Baada ya kuoga usipake mafuta, losheni wala poda sehemu hiyo.

Hatua ya 5: Hospitalini
Muuguzi atakagua ngozi. Akiona nywele zitazuia mkato au plasta, atazipunguza kwa mashine ambayo kichwa chake chenye meno hutumiwa kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa. Kazi hiyo ifanyike siku hiyo hiyo, karibu na wakati wa upasuaji, na ikiwezekana nje ya chumba chenyewe ili vipande vya nywele visipeperuke humo.

Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa huelezwa mara chache. Dawa ya klorheksidini yenye alkoholi inayopakwa kabla ya mkato huhitaji kama dakika 3 kukauka kwenye ngozi isiyo na nywele, lakini ikinasa ndani ya nywele nyingi inaweza kuchukua hadi saa nzima. Alkoholi ambayo haijakauka inaweza kushika moto kutokana na kifaa cha umeme kinachotumika kuzuia damu. Hii ni sababu ya kweli ya kupunguza nywele kwa baadhi ya wanawake, nayo ina uzito kuliko ile ya “usafi” ambayo husemwa kwa mazoea. Nywele si uchafu.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma somo hili nikiwa nimechelewa. Nimenyoa kwa wembe jana jioni na upasuaji wangu ni kesho asubuhi. Je, utaahirishwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa kunyoa peke yake, hapana. Usirudie kunyoa ili “kusawazisha”, usijikune, na usipake marashi wala dawa yoyote ya kutuliza. Oga kama nilivyoeleza, na ukifika mwambie muuguzi ulinyoa lini na kwa kifaa gani, kisha umwonyeshe ulipojikata. Utapewa antibayotiki kabla ya mkato, kwa kawaida ndani ya dakika 60 zinazoutangulia. Kinachoweza kumfanya daktari afikirie upya ni jipu au vipele vyenye usaha mahali pa mkato, na hivyo usivifiche.

Swali: Kama katika utafiti ule krimu ilifanya vizuri, kwa nini hukuitaja katika hatua zako?

Jibu: Umesoma kwa makini, dada. Krimu huyeyusha nywele kwa kemikali, haikati ngozi, na kwa hilo inaushinda wembe. Tatizo ni kwamba ngozi ya mjamzito huwa nyepesi kuwashwa, na krimu iliyotumiwa bila matatizo kwa miaka inaweza kuiunguza mwezi wa tisa. Haifai kabisa kwenye ngozi laini ya ndani ya sehemu za siri. Ngozi iliyoungua haina tofauti kubwa na iliyokatwa, kwa hiyo sioni sababu ya kubahatisha ili kuondoa kitu kisichohitaji kuondolewa.

Swali: Mimi ni mume. Mke wangu haoni chini ya tumbo na ananiomba nimnyoe. Nimkatalie?

Jibu: Mkatalie wembe, ndugu yangu, si msaada. Shika mkasi butu au mashine yenye kitana, mketishe kwenye mwanga wa kutosha, na upunguze ukingo wa juu tu. Mwambie pia kwamba wauguzi hawahesabu nywele za mtu. Wengi wa wanaojinyoa hufanya hivyo kwa aibu.

Swali: Na miguu na kwapa?

Jibu: Haviko karibu na mkato. Viache.

Swali: Dada, katika uzazi wangu wa kwanza muuguzi alikuja na wembe mkononi. Safari hii nikimkuta tena nifanyeje?

Jibu: Muulize kwa upole kama kuna mashine, na kama haipo, kama nywele zinaweza kubaki zilivyo au kupunguzwa kwa mkasi. Mwili ni wako na una haki ya kupewa maelezo kabla ya kuguswa. Wauguzi wengi wa rika langu tulifundishwa kunyoa kila mgonjwa kuanzia kitovu hadi mapajani, na mazoea hayo hayajaisha kila mahali. Ukilizungumza kliniki mapema na likaandikwa kwenye faili lako, hutalazimika kubishana ukiwa umelala kitandani.

Swali: Baada ya upasuaji, ninaweza kunyoa lini? Nywele zinapoota zinawasha mno.

Jibu: Subiri kidonda kifunge kabisa, na usiguse ukingo wake mpaka mkunga akikague katika hudhurio la baada ya kujifungua, ambalo kwa wengi huwa wiki ya 6. Muwasho wa nywele zinazoota huenea sehemu nzima iliyopunguzwa na hutulia wenyewe. Maji ya uvuguvugu na chupi pana ya pamba isiyobana kidonda husaidia. Lakini wekundu unaotanuka kandokando ya mshono, joto, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya au homa si muwasho wa nywele. Ukiona lolote kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.