Sebule na jiko pamoja au utenganishe? Amua kabla fundi hajachimba msingi

Hili suala usimwachie mchora ramani, yeye hatakaa humo. Anza na jiko. Kama kwenu dagaa zinakaangwa karibu kila jioni na jiko liko wazi kuelekea sebuleni, harufu inaingia kwenye makochi na mapazia na haitoki, sisi tulifua mapazia mpaka tukachoka, mwisho tukajenga ukuta na kuweka mlango. Mnapikia mkaa? Usiwaze hata, jiko litoke nje kabisa, ule moshi una sumu.

Afu angalia watu. Watoto wadogo, uwazi unasaidia sana, unasonga ugali huku unamuona anavyotambaa. Ila ukiwa na wa form four anayesoma usiku, au bibi anayelala mapema na tivii ndo kwanza iko kwenye taarifa ya saa mbili, kuta zinahitajika jamani. Na wageni wa ghafla je, mama apite na kanga yake mbele yao? Weka korido.

Joto: Dar au Tanga uwazi unapitisha upepo ukiweka madirisha pande mbili zinazotazamana, ila ukifunga AC utapoza mpaka jiko na luku itakimbia.

Mimi ningeunganisha sebule na dining, jiko nitenge, niache kidirisha cha kupitishia chakula. Nyumba ishajengwa? Usivunje ukuta kabla injinia hajaangalia kama umebeba slabu (zege la sakafu ya juu) au paa. Kama bado, mwaga chokaa kiwanjani kufuata ramani, panga viti, tembea humo.