Tanga hadi Guangzhou: piga hesabu ya saa kabla ya kukata tiketi

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, China, kwa njia ya anga ni kama kilomita 8,700. Ndege kubwa ya abiria hukata karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo safari ya moja kwa moja, kama ile ya Air Tanzania, huchukua saa kumi na nusu hadi kumi na moja. Ukipitia Dubai, unaruka takriban kilomita 4,000, kisha nyingine 5,800, na hapo hujaweka muda wa kusubiri. Tiketi ya kuunganisha ikiwa bei poa sana, uliza kwanza utakaa uwanjani saa ngapi, na kama mizigo inafika Guangzhou bila wewe kuichukua njiani.

Mtu wa Tanga safari yake inaanzia stendi ya Kange. Hadi Dar ni kilomita 350 hivi kupitia Muheza, Segera na Chalinze. Basi hutumia saa tano au sita njia ikiwa nyeupe, na malori ya kuanzia Chalinze yanaweza kuharibu hesabu yote. Ukishuka Mbezi, bado jiji zima liko mbele yako. Uwanjani unatakiwa ufike saa tatu kabla. Mimi nasisitiza: shuka Dar siku moja kabla, ulale. Gesti ya usiku mmoja haifikii hata robo ya tiketi iliyoungua. Ndege ndogo za Tanga–Dar zipo, ila mfanyabiashara aangalie uzito unaoruhusiwa, kwani ni mdogo.

Sasa saa za tiketi, ambako watu wengi hupotea. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na kila saa ni ya mji husika. China iko mbele yetu kwa saa tano. Tuseme imeandikwa kuondoka 23:00, kufika 14:30. Ukitoa tu, unapata saa kumi na tano na nusu angani. Siyo kweli. 14:30 ya kule ni saa tatu na nusu asubuhi kwetu, kwa hiyo umeruka saa kumi na nusu. Kurudi ni kinyume: ukiondoka 15:00 ukatua Dar 21:00, inaonekana saa sita, kumbe ni kumi na moja.

Hatari zaidi ni tiketi ya 00:40 tarehe 12. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Nenda uwanjani tarehe 11 jioni. Ukienda tarehe 12 usiku, ndege imeshaondoka tangu usiku uliopita.

Pasipoti ibakiwe na angalau miezi sita, viza iwe mkononi kabla ya kulipa tiketi isiyorudishwa. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi; mafuta ya nazi na achari ya mama viingie kwenye begi kubwa. Anayetumia dawa za sukari au presha apange na daktari saa mpya za kumeza, abebe dawa mkononi. WhatsApp na Google hufungwa kule, kwa hiyo elewana na watu wa nyumbani mapema mtawasiliana vipi. Na kama unaenda wakati wa Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, Aprili hadi Mei au Oktoba hadi Novemba, weka nafasi ya hoteli kabla hata ya tiketi.