Minara ya vita London: anzia kwa Makeya, si kwa majenerali

Wengi wetu tukipata siku ya mapumziko tunakimbilia sanamu ya Nelson pale Trafalgar Square, picha mbili tatu, basi. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, au aliyebebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza, pita njia nyingine.

Shuka stesheni ya Hyde Park Corner, utokee Constitution Hill. Pale pana Memorial Gates, nguzo nne za mawe zilizozinduliwa mwaka 2002 kuwakumbuka watu milioni tano wa Bara Hindi, Afrika na Karibi waliojitolea kupigana upande wa Uingereza. Ndivyo maandishi yanavyodai. Wapagazi wetu wa Carrier Corps wengi walikamatwa kwa nguvu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Ukiwa na watoto, waambie na hilo. Kando ya nguzo kuna kibanda chenye kuba. Ingia, inua macho, usome majina ya waliopata Victoria Cross na George Cross, nishani za juu kabisa za ushujaa za Uingereza.

Kata St James's Park kwa miguu hadi barabara ya Whitehall. Cenotaph, kumbukumbu ya waliokufa vitani, ya mwaka 1920, iko katikati ya barabara na haina jina la askari hata mmoja. Ipige picha ukiwa kando ya barabara, mabasi hayana subira. Mbele kidogo kuna mnara wa wanawake wa Vita vya Pili: nguo 17 za kazi zimetundikwa kama zimevuliwa jioni hii. Mimi naupenda kuliko yote. Sanamu ya Slim, jenerali wa Uingereza, nje ya Wizara ya Ulinzi, usiiruke: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944 chini ya Jeshi lake la 14.

Ukimaliza, panda treni ya Victoria Line mpaka Brixton, mwisho wa njia. Mnara wa askari wa Afrika na Karibi uko Windrush Square tangu 2017.

Kote huko hakuna kiingilio. Usikalie ngazi zenye mashada, wala usimwache mtoto apande sanamu. Jumapili ya pili ya Novemba Whitehall hufungwa kwa ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na saa tano kamili asubuhi watu hukaa kimya dakika mbili. Ukitaka kuona chochote siku hiyo, fika mapema sana, begi liwe dogo kwa sababu ya ukaguzi, na simu uizime sauti.