Wiki ya mashua ya matanga Ugiriki na watoto: hatua zangu, hasa ile ya nanga

Shemeji yangu wa Birmingham amekodi mashua Athens kwa wiki ya kwanza ya Juni, na mwezi mzima sasa simu yangu haipoi. Nimemjibu kwa sauti, kwa ujumbe, hata kwa kuchora kwenye karatasi na kuipiga picha. Nimechoka kuchora. Naandika yote hapa, asome yeye na mwingine yeyote mwenye watoto na hamu ya bahari. Safari hii nimeifanya mara tatu na familia. Ya kwanza niliivuruga.

1. Chagua bahari kabla ya mashua

Zile picha za nyumba nyeupe ni za visiwa vya Cyclades: Santorini, Mykonos, Paros. Ukiwa na watoto wadogo, achana nazo. Julai na Agosti huko huvuma meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kufika nguvu 7 au 8 za Beaufort (kipimo cha upepo cha mabaharia) na kushika siku kadhaa. Sisi wa pwani tumelelewa na "dalili ya mvua ni mawingu", lakini meltemi huja mbingu zikiwa kavu, buluu tupu, na bahari imechafuka.

Nenda ghuba ya Saronic: Aegina, Agistri, Poros, Hydra. Visiwa vimekaribiana na nchi kavu ya Peloponnese iko pale pale ya kukimbilia. Kutoka marina ya Alimos, Athens, hadi Aegina ni maili 15 hivi za baharini, yaani saa tatu na ushei kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa). Watoto wangu huanza kugombana saa ya nne.

2. Karatasi

Nahodha awe na cheti kinachotambulika, kama ICC, cheti cha kimataifa cha kuendesha mashua za starehe. Wagiriki wanataka na mtu wa pili: mwenye cheti, au wa kutia saini kwamba anaijua kazi. Kwetu alitia saini mke wangu, na tangu siku hiyo hachoki kunikumbusha kuwa naye ni nahodha kisheria. Shemeji, kibali cha kukaa Uingereza hakikuingizi Schengen, nchi za Ulaya zenye viza moja, Ugiriki ikiwemo, na pasipoti ya Tanzania. Omba viza mapema, na uambatanishe mkataba wa mashua kwa sababu hoteli huna.

3. Mashua

Futi 36 hadi 38, vyumba vitatu, mlingoti mmoja. Watakushawishi uchukue katamarani, mashua ya mabodi mawili, na kweli haiyumbi, ina injini mbili na hugeuka papo hapo kama bajaji. Bei yake ni ya kutisha, na ukiiendesha huoni raha yoyote ya tanga. Ni nyumba inayoelea. Mimi siitaki.

4. Siku ya kukabidhiwa

Kwa kawaida ni Jumamosi jioni, saa kumi na moja. Kijana wa kampuni atakupitisha haraka kwa sababu ana mashua nyingine sita za kukabidhi. Mzuie. Muulize mnyororo wa nanga una mita ngapi na rangi zilizopakwa zina maana gani. Muulize swichi ya umeme ya winchi ya nanga, mashine inayovuta mnyororo, iko wapi, akuoneshe kwa kidole. Jaketi za kuokolea wavalishe watoto hapo hapo gatini, kwa sababu za watoto hazipo za kutosha kila mara. Na choo: hakiingii kitu ambacho hakikupita tumboni kwanza. Karatasi inakwenda kwenye pipa. Watoto huelewa mara moja, wageni watu wazima ndio kazi.

5. Chakula

Maji ya kunywa mengi, mchele, na bizari zako utoke nazo nyumbani. Samaki utampata kila bandari.

6. Matanga

Sielezi. Shemeji amekulia kwenye ngalawa Pangani.

7. Kufunga tezi gatini

Hapa ndipo wiki huharibika. Bandari nyingi za Ugiriki hazikupi nafasi ya kulaza ubavu. Unatia nanga mbali, unarudi kinyumenyume, unafunga tezi (nyuma ya mashua) gatini huku omo (pua yake) ikishikwa na mnyororo. Mashua zimebanana kama daladala stendi, na watu wote wamekaa mkahawani wakikutazama.

Kosa langu la kwanza, Poros: niliona aibu kuangusha nanga katikati ya bandari, nikaiangusha mita 20 tu kutoka gatini. Nikafunga, nikala, nikalala. Saa nane usiku upepo ukageuka, nanga ikaburura kwa sababu mnyororo ulikuwa mfupi na umesimama wima badala ya kulala chini, na tezi ikaanza kugonga zege. Tulisukumana na ukuta hadi alfajiri, mimi na mke wangu, miguu ikiwa imetangulizwa mbele. Usifanye hivyo: mguu ukibanwa hapo umekwisha. Dafrao, yale maputo ya kukinga ubavu wa mashua, ndizo zibanwe.

Sasa nafanya hivi. Nikiwa bado nje ya bandari, dafrao zote ziko chini, mbavu zote mbili na mbili nyuma. Kamba mbili za tezi zimefungwa, zimepitishwa *chini* ya kizuizi cha pembeni, kisha zikarudishwa juu tayari kurushwa. Ukisahau kupitisha chini, kamba ikikazwa itang'oa vyuma, na amana yako nayo itang'oka.

Natazama minyororo ya majirani inaelekea wapi. Nanga yangu lazima iwe mbele kabisa ya nafasi yangu, pembe mraba na gati, isikatize ya mtu. Mashua ya mita 11 naangusha nanga mita 40 au zaidi kutoka gatini. Kina cha mita 5 huku nimelaza mita 40 za mnyororo, nalala usingizi wa mtoto.

Kurudi nyuma naanza mbali, mapema kuliko unavyodhani. Usukani hausikii mpaka maji yapite juu yake, na mwanzoni pangaboi la injini huvuta tezi upande mmoja, mashua nyingi kushoto. Jaribu nje, ujue yako inavuta wapi. Nanga iangushwe mashua ikiwa inakwenda nyuma tayari, na anayeshika rimoti aachie mnyororo utiririke. Mwanangu aliachia kidole katikati, kwa nia njema. Omo ikanaswa, tezi ikazunguka, tukajikuta tumelala juu ya pua za mashua tatu za watu. Kila mtu akatufundisha kwa lugha yake.

Ukifika karibu, rusha kwanza kamba ya upande upepo unakotokea. Kwanza hiyo, hata kama mzee wa gatini anakunyooshea mkono upande wa pili. Kisha ya pili, kisha kaza mnyororo kwa winchi mpaka mashua ikae mita moja na nusu kutoka ukutani, weka ubao wa kupandia. Usisogee zaidi, chini ya ukuta mara nyingi kuna mawe na usukani wako ndio utakaoyagundua. Jambo moja la kufurahia: hapa hakuna kupwa na kujaa kwa maana yetu. Kamba uliyoikaza jioni asubuhi iko vile vile, si kama Tanga ambako bamvua husogeza maji karibu mita 4.

Asubuhi, ukiinua nanga na ikaja na mnyororo wa jirani, usilazimishe winchi. Itakata umeme, utaikimbilia ile swichi. Injini iwe inawaka wakati wote winchi inafanya kazi. Inua polepole mpaka mnyororo wa mtu uonekane, upitishie kamba chini yake, funga ncha zote mbili kwenye mashua yako. Teremsha nanga yako mita moja, itajichomoa. Ivute pembeni, kisha achia ncha moja ya kamba, mnyororo wake urudi chini. Mikono mbali. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili, sasa ni dakika kumi.

8. Hydra, bila mashua yako

Kisiwa hakina magari, mizigo hubebwa na nyumbu na punda. Mama yangu alipoona alisema, "Mmenileta Lamu kwa viza?" Lakini bandari ni ndogo, hujaa mapema, na minyororo chini inalaliana kama mkeka. Fungeni Ermioni, bara, mvuke na boti ya abiria.

9. Kurudisha

Ijumaa jioni mashua iwe kituoni, tangi limejaa. Foleni ya mafuta ni ndefu kuanzia saa kumi, kwa hiyo fika saa nane. Risiti itunze, wataiuliza.