Kabla hujasaini na fundi wa pampu ya joto, dai kifungu cha ruzuku

Kwa wenye nyumba Ujerumani: nilielezwa hili kalamu ikiwa tayari mkononi. Ukitaka ruzuku ya KfW, benki ya maendeleo ya serikali ya Ujerumani, ili ung'oe boila la gesi na kuweka pampu ya joto (mashine inayovuta joto la nje kupasha nyumba), usisaini mkataba mtupu. Dai kiandikwe kifungu kwamba mkataba utakuwa na nguvu pale tu KfW itakapokubali ruzuku, pamoja na tarehe inayotarajiwa ya kumaliza kazi. KfW inataka mkataba uwepo ndipo uombe, ila haimlipi aliyekwisha kujifunga bila sharti. Kifungu hicho ndicho kinachokuvusha, na ukinyimwa ruzuku hufungwi na mkataba. Si hela ya kudharau: kwa masharti yaliyoanza 2024, msingi ni asilimia 30 na nyongeza zaweza kuifikisha 70, kwa gharama zisizozidi euro 30,000 kwa nyumba ya familia moja. Fundi akianza kazi kabla hujatuma ombi, kifungu hakikuokoi. Ushauri na michoro tu ndiyo ruksa. Tena fedha huja baada ya kazi kukamilika na ankara kuwasilishwa, kwa hiyo mwanzoni utatoa mfukoni mwako mwenyewe au ukope.